Kijicho: Uteuzi wa Lenzi ya Darubini Mwanhuzi

Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu katika Mkoa wa Simiyu, ni mji ambao wataalamu wa Kiswahili hawana desturi ya kuutaja. Hadi mwaka 2012, Simiyu ilipopewa hadhi ya mkoa, Meatu ilikuwa pembe ya Shinyanga, na waliokuwa wakiizungumzia aghalabu waliizungumzia kwa pamba, kwa dengu na kwa uhaba wa maji. Mji huo uko kusini mwa ikweta kwa digrii tatu na nusu hivi. Tarakimu hiyo, ambayo kwa mwanafunzi wa jiografia ni jambo la kuandika kwenye ramani na kulisahau, ndiyo iliyomsumbua mwalimu mmoja wa fizikia wa huko kwa wiki nzima mnamo Septemba 2024, alipotakiwa kuchagua kati ya lenzi mbili, kila moja ndogo kuliko kidole gumba.

Darubini ya mwalimu huyo ni ya kioo, si ya lenzi: kioo mbonyeo chenye upana wa milimita 150 na urefu wa fokasi wa milimita 1200, kilicholazwa chini ya bomba refu. Bomba lenyewe linakalia kiweko cha mbao, kazi ya seremala wa mjini aliyeonyeshwa picha ya viweko vinavyoitwa kwa jina la John Dobson wa Marekani, akaelewa mara moja. Kiweko hicho hakina mota. Atakaye kuifuata sayari husukuma bomba kwa mkono. Shauku ya mwalimu ilikuwa ya zamani kidogo. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa namna ya pete, na watu walikusanyika Rujewa, Mbarali, kulitazama; Meatu ililiona likimegwa tu, na yeye aliwaonyesha wanafunzi wake umbo la jua lililomegwa kwa kulipitisha kwenye tundu la sindano hadi juu ya karatasi. Tangu hapo alikuwa akisoma kila alichokipata, zikiwamo makala za gazetini za Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, mpaka siku ile darubini kuukuu ilipomfikia ikiwa na lenzi zake mbili hafifu, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10.

Hapana budi kueleza kazi ya lenzi hizo, maana ndizo kiini cha mambo yote yanayofuata. Kioo kikuu cha darubini hukusanya nuru na kuunda taswira ndogo karibu na mdomo wa bomba. Taswira hiyo haikuzwi na kioo; hukuzwa na lenzi ambayo mtazamaji huiwekea jicho. Ukigawa fokasi ya kioo kwa fokasi ya lenzi hiyo unapata ukuzaji: 1200 kwa 25 ni mara 48, na 1200 kwa 10 ni mara 120. Kwa hiyo mwenye darubini moja huwa na darubini nyingi kadiri ya lenzi alizo nazo, na lenzi mbovu huharibu kazi ya kioo kizuri kama vile karani mzembe anavyoweza kuharibu hukumu ya hakimu mwadilifu. Ile ya milimita 10 ilikuwa mbovu. Sayari ng'avu ilipoingia humo, ilifuatana na kivuli chake cha nuru kilichoelea upande wa pili kama mzuka, na weusi wa anga ulikuwa wa kijivu.

Lenzi aliyoitamani huitwa othoskopiki. Jina hilo lina historia ambayo mwanaistilahi ataifurahia. Limeundwa kwa Kigiriki, likiwa na maana ya utazamaji ulionyooka. Carl Kellner wa Wetzlar ndiye aliyelitumia mwaka 1849 kuitambulisha lenzi yake mwenyewe. Lakini leo lenzi ya Kellner huitwa Kellner tu, na jina la othoskopiki limehamia kwa lenzi nyingine, aliyoibuni Ernst Abbe mwaka 1880 alipokuwa akifanya kazi na Carl Zeiss mjini Jena. Abbe alitaka lenzi isiyopinda mistari wala kupotosha vipimo, jambo linalomfaa mtu anayepima kitu chini ya hadubini. Alibandika vioo vitatu pamoja, akaweka kimoja peke yake upande wa jicho. Vioo ni vinne, lakini mahali ambapo kioo hukutana na hewa ni pande nne tu, na hapo ndipo siri ilipo: kila upande wa namna hiyo usiopakwa dawa hurudisha nyuma kiasi cha asilimia nne ya nuru, na nuru iliyorudi hutangatanga ndani ya lenzi na kumwagika juu ya weusi. Leo pande hizo hupakwa tabaka jembamba linalopunguza hasara hiyo, na hata lenzi zenye vioo sita au vinane zimeweza kuwa safi. Hata hivyo wapenzi wa sayari na Mwezi hawajaiacha lenzi ya Abbe. Husema kwamba mikanda iliyofifia ya Mshtarii huonekana humo kama ilivyo, bila utando. Tofauti kati yake na lenzi nzuri ya Plössl, fundi wa Vienna wa karne ya kumi na tisa, ni ndogo, na wako wanaoikana kabisa.

Wanafunzi hawakungoja istilahi yoyote. Waliiita lenzi ya kutazamia kijicho. Mwalimu aliwakanya, akawaeleza kwamba kijicho katika Kiswahili ni husuda, na kwamba mtu haombi apewe kijicho. Walimsikiliza kwa adabu, na kesho yake mmoja akasema, "Mwalimu, leo tutatumia kijicho kipi?" Neno likakaa. Kwa hakika halikukaa vibaya: kila jioni ya darubini, wale walio nyuma ya foleni humtazama aliye mbele kwa kijicho cha maana ile ya kale.

Fedha zilikuwapo, lakini hazikuwa huru. Dengu za msimu ule ziliuzwa vizuri, na mwalimu na mkewe walikuwa wamekubaliana kuweka kando sehemu ya mapato ya kununulia tangi la maji. Katika Meatu tangi si anasa. Kiangazi kinapokolea, ndoo huwa na bei, na mwenye tangi hulijaza siku maji yanapotoka, kisha akalala usingizi. Mwalimu alipoeleza kwamba rafiki yake aliyesoma naye Mlimani alikuwa akirejea kutoka Japani na angeweza kumnunulia lenzi iliyokwisha kutumika kwa bei nafuu, mkewe aliuliza swali moja tu: "Hicho kijicho kitateka maji?" Hakuwa akifanya mzaha. Makubaliano yaliyofikiwa baada ya siku tatu yalikuwa kwamba lenzi itakuwa moja, na kwamba tangi litangoja mavuno mengine, lakini halitangoja ya tatu.

Moja, basi. Ya fokasi ipi? Hapo ndipo vitabu vilipomponza. Vitabu alivyokuwa navyo viliandikwa na watazamaji wa Uingereza na Marekani, na karibu vyote vilishauri kwamba mwenye darubini ya ukubwa wake anunue kwa ajili ya sayari lenzi ya othoskopiki ya milimita 6, itakayompa ukuzaji wa mara 200. Ushauri huo ni sahihi mahali ulikotolewa. Lakini kila ushauri una latitudo yake, hata usipoitaja. Zohali ya Septemba 2024 ilipanda mjini London hadi digrii thelathini na moja au mbili hivi juu ya upeo, basi. Mtazamaji wa huko aliitazama kwa kupitia tabaka nene la hewa yenye mtikisiko. Mwanhuzi ilipita karibu kabisa na utosi, pungufu ya digrii tano. Kwa jumla, Mshtarii na Zohali zinapovuka kilele chake katika anga ya Meatu hazipungui digrii sitini juu ya upeo, mwaka wowote na msimu wowote. Kwa kigezo hicho mtu wa Mwanhuzi ana haki ya ukuzaji mkubwa kuliko mtu wa London, na lenzi ya milimita 6 ingekuwa yake kuliko yao.

Kigezo cha pili kinageuza hoja. Anga huzunguka digrii kumi na tano kwa saa, yaani robo digrii kwa dakika, na mwendo huo huonekana kwa kasi yake yote katika eneo la ikweta ya anga, ambako Zohali ilikuwa wakati ule. Lenzi ya othoskopiki ina uga mwembamba, kiasi cha digrii arobaini na tatu. Zigawe kwa ukuzaji wa mara 200: mtazamaji anabakiwa na kipande cha anga kisichofika robo digrii, ambacho sayari hukivuka kutoka ukingo hadi ukingo kwa sekunde hamsini na mbili. Watazamaji wa vitabuni wana mota chini ya darubini zao, kwa hiyo vitabu havizitaji sekunde hizo. Kiweko cha seremala wa Mwanhuzi kinazitaja. Tena kiweko cha namna ile kina kasoro inayojulikana: sayari inapokuwa karibu na utosi, msukumo mdogo wa kwenda kando hulitaka bomba zima lijizungushe karibu duara, kama ng'ombe aliyefungwa kigingini. Mahali ambapo hewa ni tulivu kuliko kote ndipo ambapo bomba ni kaidi kuliko kote.

Rafiki wa Japani alimwondolea mwalimu mzigo wa kukisia, akamwongezea mzigo wa kuchagua. Alipata lenzi mbili za othoskopiki, ya milimita 6 na ya milimita 12.5, akazifikisha Mwanhuzi zote mbili alipokuwa akienda kwao Bariadi. "Kaa nazo wiki moja," alisema. "Moja utanilipa, nyingine utanirudishia. Nitaiweka mezani kwangu, ina sura nzuri." Hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe 9 Septemba, siku moja baada ya Zohali kuwa mkabala na jua.

Usiku ule mwalimu hakumwita mtu. Alitoa bomba nje saa mbili ili kioo kipoe, kwa maana kioo chenye joto la mchana hufukuta mvuke wa hewa ndani ya bomba na kuifanya taswira ichezecheze hata chini ya anga tulivu. Kosa hilo huwapotosha wengi, wakaishia kulaumu lenzi. Alingoja hadi vumbi la ng'ombe waliorudi jioni likatua, redio za majirani zikazimwa, na sayari ikakaribia utosi. Ilikuwa baada ya saa sita na nusu. Akaweka lenzi ya milimita 6.

Pete za Zohali mwaka ule zilikuwa zimejifunga. Sayari hiyo ilikuwa ikielekea Machi 2025, ambapo ukingo wa pete ungeelekezwa Duniani, na mwinamo wake tayari ulikuwa chini ya digrii tano. Kwa hiyo hakuona ile kofia pana ya picha za vitabuni. Aliona tufe la rangi ya maziwa yaliyochanganywa na asali kidogo, na mstari wa nuru uliolipita katikati ukichomoza pande zote mbili, mwembamba, wenye makali. Pengo la Cassini halikuonekana, na hakutarajia lionekane. Lakini juu ya uso wa tufe, sambamba na mstari ule, palikuwa na mkanda mmoja hafifu, mweusi kidogo kuliko mazingira yake, ambao katika lenzi yake ya zamani haukuwako. Kwa ukuzaji wa mara 200 tufe hilo lilikuwa na upana wa Mwezi mara mbili kwa jicho tupu. Hewa ilitulia kwa mikupuo. Kila ilipotulia, mkanda ulirudi. Akasukuma bomba, sayari ikavuka, akasukuma tena. Lenzi ilimtaka akaribishe jicho hadi umbali wa milimita tano hivi, kope zikagusa kioo, na vijinyuzi vinavyoelea ndani ya jicho la mtu aliyepita miaka arobaini vilipita mbele ya Zohali kama vumbi la pamba. Hayo yote aliyavumilia. Alirudi ndani saa tisa, akamwambia mkewe aliyekuwa nusu usingizini kwamba amekwisha kuchagua.

Kama habari ingeishia hapo, vitabu vingekuwa vimesema kweli. Jumatano, tarehe 11, ilikuwa zamu ya wanafunzi. Mwezi ulikuwa nusu, na ulikuwa juu sana jioni ile. Mwezi hauna haraka ya kuonekana. Ni mkubwa na mkarimu, na mwanafunzi hata akikosea kuweka jicho bado ataambulia kitu. Kwa lenzi ya milimita 12.5, yenye ukuzaji wa mara 96, karibu Mwezi wote uliingia katika uga, na kando ya mpaka wa mwanga na giza walioneshwa mashimo matatu yaliyopangana, Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel, la kwanza likiwa na upana wa kilomita 150 hivi, umbali wa mtu kutoka Mwanhuzi hadi karibu nje ya mkoa. Kwa lenzi ya milimita 6 hawakuona Mwezi, waliona mahali fulani Mwezini. Baadhi yao waliipenda zaidi hiyo ya pili. Vilele vya milima vilivyokwisha kupata jua ilhali mabonde yake yangali gizani viliwafanya wakae kimya, na kimya katika foleni ya vijana arobaini si jambo dogo.

Saa tatu wakahamia kwenye Zohali, ambayo wakati huo ilikuwa bado mashariki, kiasi cha digrii arobaini juu ya upeo, katika hewa iliyokuwa ikiachia joto la siku nzima. Pakazuka kwanza ubishi wa jina. Mmoja alisema kitabu alichosoma shule ya msingi kiliiita Sarateni. Ni kweli kwamba baadhi ya vitabu vya shule vya Tanzania viliipa sayari hii jina hilo, vikamhamishia Zohali jirani yake wa mbali, Uranus. Ilhali wanajimu wa Pwani, kwa kuwafuata Waarabu, waliijua Zohali kwa jina la Zohali tangu zamani, na Saratani kwao ni kundi la nyota la Kaa. Mwalimu aliwaambia watumie lile la Pwani, akiongeza kwamba sayari ambayo watu wameiona kwa macho tangu enzi na enzi haikustahili kupewa jina jipya na kamati. (Haifahamiki ni kamati ipi aliyoikusudia, lakini wasomaji wa jarida kama hili wataweza kukisia mazingira.)

Akaweka lenzi ya milimita 6, iliyomvika taji usiku wa Jumatatu. Wa kwanza aliona. Wa pili aliona nusu. Wa tatu alipoinama, sayari ilikuwa imekwisha kutoka. Mwalimu aliirudisha, akasema "Haraka," na neno hilo likawa ndilo somo la jioni ile. Sekunde hamsini na mbili si chache kwa mtazamaji aliyezoea. Kwa mtoto ambaye hajapata kuweka jicho kwenye tundu la darubini zinaishia katika kulitafuta tundu. Wengine waliona kope zao wenyewe. Wengine walishika bomba ili wajiegemeze, na Zohali ikaruka mbinguni kama panzi. Kuna waliosema wameona, kwa adabu tu. Mwalimu mwenye uzoefu huitambua sauti ya mwanafunzi anayesema ameelewa ili mwenzake apate nafasi.

Kisha ikafika zamu ya msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye huvaa miwani mizito. Alisimama mbele ya darubini na kuuliza, "Mwalimu, niivue?" Swali lilikuwa na historia yake. Tangu akiwa darasa la nne alikuwa ameambiwa na kila mtu kwamba bila miwani haoni, na alikuwa amekubali hivyo kuwa ndivyo alivyo. Kwa kanuni za mwanga, jibu ni jepesi. Mtu asiyeona mbali au asiyeona karibu anaweza kuivua miwani yake na kuzungusha kitasa cha kuwekea fokasi mpaka taswira imkae sawa. Darubini itafanya kazi ya miwani. Hata kasoro ya jicho lisilo na mviringo kamili, ambayo kitasa hakiwezi kuirekebisha, haidhuru sana katika ukuzaji mkubwa, kwa kuwa mwale wa nuru unaotoka kwenye lenzi huwa mwembamba, pungufu ya milimita moja, na hutumia sehemu ndogo tu ya jicho. Kwa maneno mengine, lenzi ya milimita 6 ilikuwa rafiki wa msichana yule kuliko zote, ila haikumpa muda. Aliivua miwani, akainama, akaanza kuzungusha kitasa polepole kama alivyoelekezwa, na kabla taswira haijakusanyika sayari ikavuka ukingo. Mwalimu akairudisha. Ikavuka tena. Nyuma yake mtu akaguna. Msichana akavaa miwani yake, akasema, "Asante, Mwalimu, nimeona," akaenda kusimama mbali na wenzake.

Mwalimu alibadilisha lenzi. Kwa lenzi ya milimita 12.5 uga ulikuwa karibu nusu digrii, na sayari iliuvuka kwa sekunde mia moja na saba. Jicho lilikaa umbali wa milimita kumi hivi, si wa kutosha kwa mwenye miwani, lakini wa kutosha kope zisifagie kioo. Na hapa kuna hesabu ambayo vitabu vyake havikuwahi kumfanyia: kwa ukuzaji wa mara 96, tufe la Zohali ya usiku ule, lililokuwa na upana wa sekunde za tao kumi na tisa, huonekana kwa ukubwa uleule wa Mwezi mpevu unapotazamwa kwa jicho tupu. Mwezi kila mtu anaujua ukubwa wake. Kijana wa kwanza aliyeitazama kwa lenzi hiyo alikaa muda mrefu, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Amechomwa mshale." Ndivyo ilivyokuwa: tufe na mstari uliolipita pande mbili. Katika wilaya inayopakana na nchi ya Wahadzabe, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mkanda hafifu wa Jumatatu haukuonekana na yeyote. Mwalimu alimwita tena yule msichana, naye alikuja, akavua miwani bila kuuliza, akazungusha kitasa kwenda na kurudi. Hakusema ameona. Alisema, "Kuna kinyota kingine pembeni." Kilikuwa Titan.

Kulikucha mwalimu akazichunguza lenzi zote mbili mchana. Zilikuwa zimepakwa mafuta. Vijana wa Mwanhuzi, kama vijana wengine, hujipaka mafuta ya mgando usoni kabla ya kutoka jioni, na kope arobaini zilikuwa zimeyahamishia kwenye kioo cha Abbe. Ile ya milimita 6, iliyotaka jicho liikaribie mno, ilikuwa imefunikwa kabisa. Alizisafisha kwa kupuliza vumbi kwanza, kisha kwa pamba safi iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti, pasipo kusugua, jambo ambalo halifai kufanywa kwa ncha ya kanga, ijapokuwa ndilo kila mtu hulifanya. Katika kazi hiyo alitambua kwamba mabishano yote juu ya pande nne za kioo na pande nane, juu ya Abbe na Plössl, huanza baada ya lenzi kuwa safi, nayo Mwanhuzi ilikuwa safi kwa watu watatu wa kwanza wa foleni.

Uamuzi haukumjia kwa wepesi, na haifai kuupamba. Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa aliirudia lenzi ya milimita 6 peke yake, baada ya saa sita, na mara zote mbili ilimshinda kwa uzuri. Alifikiria kununua ile ya milimita 12.5 na lenzi ya Barlow, ambayo hutiwa kati ya lenzi na darubini ili kuongeza ukuzaji mara mbili, bila kumlazimisha mtazamaji kusogeza jicho karibu zaidi. Lakini Barlow ni fedha nyingine, na fedha nyingine ilikuwa tangi. Alifikiria pia kwamba anga la saa saba usiku ni lake yeye aliyelipa. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Mtu aliyefundisha fizikia kwa miaka ishirini bila maabara ya kutosha ana haki ya kitu kimoja kilicho kamili. Mkewe, alipoulizwa, alisema kwamba yeye hajui mambo ya milimita, ila anajua kwamba usiku wa Jumatano alisikia vicheko tangu jikoni, na usiku wa Jumatatu hakusikia kitu.

Jumapili, tarehe 15, mwalimu aliifunga lenzi ya milimita 6 ndani ya soksi mpya, akaitia katika kopo la majani ya chai na kulikabidhi kwa kondakta wa basi la Bariadi. Alimlipa rafiki yake bei ya ile nyingine. Kwa siku kadhaa baadaye alikuwa mkali darasani kuliko kawaida yake.

Tangi lilinunuliwa baada ya mavuno ya 2025, kama ilivyoahidiwa. Pete za Zohali zilikwisha kugeuka ukingo na kuanza kufunguka upande wa pili. Msichana wa miwani aliingia kidato cha tatu, akakabidhiwa kopo la pamba na kichupa cha spiriti, na kazi ya kusimama kando ya bomba. Kila mtazamaji mpya anapoinama yeye huanza kuhesabu kwa sauti ya chini, na akifika mia moja na saba hulisukuma bomba kwa kidole kimoja, kuelekea magharibi, kiasi kile kile kila mara.